Mbwa Mgeni Hafunzwi kwa Fimbo

Watu wengi walio wema mchana huwa wakatili usiku, na sababu ya ukatili wao ni usingizi. Mtu asiyempiga mtoto, asiyemtukana jirani, na amlipaye mtumishi haki yake kwa wakati, akisikia mbwa wake mpya anabweka saa nane za usiku hutoka kitandani na fimbo mkononi, akampiga mnyama mpaka akanyamaza, kisha akarudi kulala na moyo mweupe. Asubuhi akiulizwa, hujibu kuwa alikuwa akimfunza mbwa adabu. Nakusudia kuonyesha kuwa hakumfunza mbwa jambo lolote ila woga. Kuwa kelele ya mbwa mgeni si utundu, bali ni swali. Na kuwa mwenye nyumba asiyejua kulijibu swali hilo ndiye anayestahili kufunzwa, si mbwa.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Mbwa wengi hubadili makao katika nchi yetu. Wengine hutoka kwa jamaa aliyehamia mji mwingine, wengine huokotwa njiani, wengine hununuliwa, na wengine huchukuliwa katika makao ya wanyama waliopotea au kutupwa, kama yale ya chama cha KSPCA cha Nairobi. Aghalabu hulia usiku wa kwanza na wa pili, na juma hilo la kwanza ndilo linaloamua maisha yao. Avumiliwaye hupata kwao. Asiyevumiliwa hupigwa, hufungwa mnyororo, hurudishwa alikotoka, au huchukuliwa mbali akatupwa asikojua njia ya kurudi.

Huyo aliyetupwa hafi njaa mara moja. Huingia katika kundi la mbwa koko wa jalalani, akazaa, na watoto wake wakazaa. Mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumpeleka kuchanjwa, na hapo kichaa cha mbwa hupata mlango. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika kila watu 100 wapatwao na ugonjwa huo, hadi 99 huambukizwa na mbwa. Na dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Basi atupaye mbwa kwa sababu ya kelele za siku tatu hakuondoa udhia. Ameuhamisha kutoka uani kwake mpaka njia ya watoto waendao shule.

Tuulize kwanza kwa nini mbwa mgeni hubweka usiku. Msomaji aliyepata kulala bweni atanielewa upesi. Mkumbuke mwanafunzi mgeni katika usiku wake wa kwanza shuleni. Kitanda si chake, harufu ya chumba si ya kwao, mlio wa mlango ni mwingine, na giza lenyewe huonekana kama giza la nchi ya mbali. Wako waliolia chini ya blanketi na asubuhi wakasema wana mafua. Walakini mwanafunzi huyo ana faida tatu: alielezwa anakokwenda, anaijua siku ya kufunga shule, na ana ulimi wa kuuliza. Mbwa hana hata moja. Jana alilala ubavuni mwa mama yake, au katika banda lenye mbwa ishirini wanaopumua kwa pamoja. Leo yuko peke yake nyuma ya jiko la watu asiowajua. Hakuna aliyemwambia kama atarudishwa au hatarudishwa. Abwekapo huuliza: Niko wapi? Yuko nani? Mmenisahau?

Tena masikio yake ni mzigo kwake. Sikio la mtu halisikii sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde; la mbwa hufikia kiasi cha 45,000. Panya darini, bati linalolia likipoa baada ya jua la mchana, bawabu akokotaye rungu lake njiani, mbwa wa mtaa wa pili, yote hayo yanamfikia. Mbwa mwenyeji huzijua sauti hizo na huzipuuza, kama sisi tusivyosikia saa ya ukutani. Mgeni hajui ipi ni ya heri na ipi ni ya shari. Kwa hiyo hutoa habari ya kila moja. Huo si ukaidi. Ni utumishi wa mtu ambaye hajaelezwa kazi yake.

Iko sababu nyingine iliyo kongwe kuliko miji yetu yote. Mbwa ni kiumbe wa kuishi na wenzake, na sisi wanadamu ndio tuliomfanya atuhesabu kuwa wenzake. Mwaka 1914 watu waliokuwa wakichimba mawe Oberkassel, karibu na Bonn katika Ujerumani, waligundua kaburi la mwanamume na mwanamke waliokufa kiasi cha miaka 14,000 iliyopita, na pamoja nao mabaki ya mbwa aliyekuwa bado mchanga. Uchunguzi wa meno yake uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa aliugua sana kabla ya kufa, na wachunguzi wakaona kuwa asingaliweza kuishi muda ule bila ya kutunzwa na watu. Fikiri, msomaji. Watu wasiokuwa na chuma, wala nafaka ghalani, walimtunza mtoto wa mbwa mgonjwa asiyeweza kuwinda wala kulinda. Sisi tulio na vyote hivyo hatuwezi kumstahimili mbwa mzima kwa siku saba!

Sasa tuitazame fimbo. Wenye fimbo husema, na ni kweli, kuwa mbwa akipigwa hunyamaza. Lakini mtu akizibwa mdomo hunyamaza pia, wala hatusemi kuwa ameridhika. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwa majaribio mashuhuri kuwa mbwa huunganisha mambo yanayofuatana. Aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa, mwishowe hudondokwa na mate kwa kuusikia mlio peke yake. Tumia kanuni hiyo uani kwako. Usiku, giza, mlango unafunguka, nyayo za bwana zinakuja, kisha maumivu. Mbwa ataunganisha nini na nini? Hataunganisha fimbo na kubweka, kwani alikwisha kubweka mara mia kabla hujatoka. Ataunganisha fimbo na wewe. Umekwenda kumfunza kunyamaza, ukamfunza kukuogopa. Na mwoga akiachwa peke yake gizani hubweka zaidi.

Yawezekana fimbo ikafaulu kabisa, na kufaulu kwake ndiko kubaya zaidi. Mbwa aliyefunzwa kwa maumivu kuwa sauti yake ni kosa ana njia mbili tu mbele yake. Ya kwanza ni kukaa kimya daima: mwizi akiparamia ukuta, mlinzi wako atajikunyata kibandani, maana alipotoa habari juzi alivunjwa mbavu. Ya pili ni kuuma bila ya kuonya. Kubweka na kunguruma ni maneno ya mbwa ya kumwambia mtu asimkaribie. Ukimnyima maneno hayo humwachii ila meno. Mara nyingi mtoto wa jirani akiumwa, watu husema mbwa yule alikuwa mpole, hakuwahi hata kunguruma. Hawaulizi ni nani aliyemnyang'anya ngurumo yake.

Mnyororo ni ndugu wa fimbo. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa kwa mnyororo wa hatua mbili hulala mchana kwa uchovu wa kukosa la kufanya, na usiku huamka na nguvu zote ambazo hakuzitumia. Mwenyewe hushangaa kwa nini habanduki katika kubweka, kana kwamba si yeye aliyeiweka akiba hiyo ya nguvu na kuitoa saa sita za usiku. Na asidhani kuwa mambo ya uani kwake hayamhusu mtu mwingine. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yamhesabu kuwa mkosaji ampigaye mnyama kwa ukatili, amtesaye au amtishaye.

Vijana wasomao kitabu hiki wana sababu yao wenyewe ya kuikataa fimbo. Mwaka 2001 kiboko kiliondolewa kwa sheria katika shule za Kenya. Kabla ya hapo walikuwako waliosema, kwa yakini ileile ya mwenye mbwa, kuwa bila ya kiboko hakuna mafunzo. Haifai kitu kilichofukuzwa darasani kipate makazi katika kibanda cha mbwa, tena mkononi mwa kijana yuleyule aliyeokolewa nacho.

Lakini nisidhaniwe kuwa nawatetea wale wenye huruma isiyo na akili. Yuko mtu ambaye mbwa akibweka humtokea na kipande cha nyama, akimbembeleza. Usiku wa pili humwacha abweke nusu saa, kisha akashindwa, akatoka tena na nyama. Huyu naye anafundisha, ila somo lake ni hili: bweka, na ukikosa, bweka zaidi. Mwanachuoni wa Marekani, B. F. Skinner, aliyekufa mwaka 1990, alionyesha kuwa tendo linalolipwa mara kwa mara bila ya utaratibu hudumu kuliko linalolipwa kila siku. Kwani mtendaji hawezi kujua kuwa malipo yamekwisha, naye huzidi kujaribu. Kwa hiyo fimbo na nyama, zikitolewa usiku kwa sababu ya kelele, ni makosa mawili yenye baba mmoja, naye ni kutofikiri kabla ya kulala.

Njia iliyo sawa huanza mchana. Mbwa mgeni apewe chakula kwa saa zisizobadilika, maji safi wakati wote, na matembezi ya kamba asubuhi na jioni. Maana mbwa aliyetembea na kunusa dunia ana hamu ya kulala, na aliyekaa bure ana hamu ya kusema. Atembezwe uani polepole, akijue kila kichaka na kila mlango kabla ya giza kuingia. Azoeshwe upweke kidogo kidogo: mwache kwa dakika moja na urudi kabla hajalia, kesho dakika tano, kesho kutwa robo saa. Kila urudipo hujifunza kuwa aendaye hurudi, na hilo ndilo somo lote analolihitaji. Samaki mkunje angali mbichi. Na mbwa mgeni, hata akiwa mzee wa miaka minane, ni mbichi katika nyumba yako.

Jioni, umlishe saa kadhaa kabla ya kulala, na umtoe nje kujisaidia mara ya mwisho usiku. Malazi yake yawe makavu, yasiyopigwa na upepo wala mvua, yenye kitambaa kikuukuu kilichowahi kuvaliwa na watu wa nyumba, ili harufu yenu iwe mwenzake. Ikiwa alikotoka alikuwa na gunia au blanketi lake, liombe uje nalo, usilifue. Ikiwa kibanda kinaelekea barabara, kigeuze kielekee ukuta wa nyumba, asipate kumwona kila apitaye.

Kisha huja usiku wenyewe, na hapa ndipo penye shauri langu kubwa: katika siku za kwanza usimlaze mgeni mbali na watu. Mweke mahali ambapo atasikia pumzi zenu au sauti zenu: ukumbini, jikoni, barazani penye mlango wa chumba cha mtu mmoja wa nyumba. Akianza kulia, sauti ya chini ya kumwambia kuwa uko yatosha. Baada ya siku chache, atakapolala usiku kucha, sogeza malazi yake hatua kadhaa. Kesho kutwa hatua nyingine. Mpaka yafike pale unapotaka yawe daima. Atafika kibandani kwake bila ya kujua ni siku gani aliyohamishwa. Wenye makao ya wanyama hupenda kutaja kipimo cha tatu: siku tatu za hofu, majuma matatu ya kujifunza desturi, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si sheria, na mbwa hawafanani. Lakini humtosha mtu mwenye haraka kumkumbusha kuwa hofu ina muda wake.

Wakati huo ujifunze kutofautisha sauti. Kilio kirefu chembamba ni cha upweke. Mbweko wa ghafula, mzito, wenye kuelekezwa upande mmoja, ni wa habari: nenda ukatazame, umwambie kwa upole kuwa umeona, umwite aje kwako, na umsifu anyamazapo. Kuhangaika mlangoni ni haja ya kutoka: mtoe kwa kamba, bila ya mchezo wala maneno mengi, kisha mrudishe. Na mbweko wa mazoea, usio na sababu, wenye kukusubiri wewe, huo usiujibu hata kidogo, si kwa nyama wala kwa ukemi. Atakaponyamaza, hata kwa pumzi chache, hapo ndipo pa kumsifu. Kimya kilipwe, kelele isilipwe. Hiyo ndiyo hesabu yote, nayo mbwa huijua kuliko wengi wetu. Asiyetulia hata baada ya majuma kadhaa, ajikunaye usiku kucha, au aliye mzee na amebadilika ghafula, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwani kupe, upele, na maumivu ya viungo havitibiwi kwa malezi. Chanjo ya kichaa nayo isingoje dalili yoyote.

Zimebaki hoja za wapinzani, nami sitazikimbia. Wa kwanza husema: Mimi nafuga mbwa ili abweke; mkinyamazisha mbwa, nani atalinda? Namjibu kuwa mbwa abwekaye kila kitu halindi kitu. Hekaya ya mchungaji aliyepiga kelele za uongo mpaka wanakijiji wakaacha kumwamini tuliisoma sote tukiwa wadogo. Jirani asikiaye mbwa wako akibweka usiku kucha haamki tena, hata mwizi akiwa mlangoni. Mbwa aliyetulia akibweka mara moja, mtaa mzima huwasha taa. Sitafuti mbwa bubu. Hata basenji, mbwa wa asili ya Kongo asiyebweka kama wenzake, hutoa sauti yake ya ajabu kama mtu aimbaye. Natafuta mbwa ambaye sauti yake ina maana.

Wa pili husema kuwa dini au desturi ya nyumba yake haimruhusu mbwa kulala ndani. Sina ugomvi naye. Waislamu wengi, wa pwani na wa bara, hufuga mbwa kwa ulinzi au kwa mifugo, wala hawamwingizi chumbani. Lakini wasomaji wa Kurani wanajua habari za vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, ambao mbwa wao alilala amenyoosha miguu yake kizingitini. Kizingitini si ndani chumbani, wala si mbali nyuma ya jalala. Mahali pa namna hiyo, penye kivuli cha mlango na sauti za watu, panatosha kabisa kwa shauri nililolitoa.

Wa tatu husema kwa ukali: Watu wana njaa, nanyi mnaandika juu ya usingizi wa mbwa! Hoja hii ina sura ya huruma, na wengi huinamisha vichwa wakiisikia. Hebu tuipime. Kitambaa kikuukuu, matembezi ya jioni, neno la upole na kujizuia hasira: kipi katika hivi kimetolewa kinywani mwa maskini? Huruma si unga, hata ikatolewa kibaba hapa ikapungua kule. Bali mkono uliozoea kumpiga asiyeweza kusema hauulizi sana, siku ya pili, kama aliye mbele yake ni mbwa au ni mtoto wa nyumba.

Na hapa naisema neno langu la mwisho kwenu vijana, kwani katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaotumwa kumlisha mbwa, na ninyi ndio mnaoamriwa kutoka usiku kumnyamazisha. Mgeni wa mtu huulizwa kwanza alikotoka, akapewa maji, akaonyeshwa pa kulala. Jembe hupewa siku ya tatu. Mbwa mgeni hudai heshima hiyohiyo, wala hadai zaidi. Mkipewa fimbo usiku, iacheni nyuma ya mlango, mtoke mikono mitupu, mkamwambie mnyama yule kwa sauti ya chini kuwa hayuko peke yake. Atakayekulaumuni kwa hilo mpeni siku saba, kisha mwulizeni alilalaje.